Sarafu za kale: Namna ya kutambua iliyo halisi, nakala na ya kughushi

Mnamo mwaka 375 kabla ya Kristo (K.K.), mji wa Athens nchini Ugiriki ulipitisha sheria kuhusu fedha za bandia. Sheria hiyo, ambayo bamba lake la mawe lilifukuliwa katika eneo la soko kuu la kale la mji huo mwaka 1970, iliagiza kwamba mkaguzi wa sarafu, aliyekuwa mtumwa wa umma, akae penye meza za wabadilisha fedha na kuipima sarafu aliyoletewa. Iliyokuwa safi ilirudishwa kwa mwenyewe, na mfanyabiashara aliyethubutu kuikataa alinyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Iliyoonekana kuwa na kiini cha shaba au cha risasi ilikatwa papo hapo na kuwekwa wakfu kwa Mama wa Miungu. Mkaguzi aliyezembea alichapwa viboko 50.

Zaidi ya miaka 2,300 imepita, na kazi ya mkaguzi huyo ingali inahitajika. Sarafu ya fedha aliyokuwa akiikagua ilikuwa na kichwa cha mungu wa kike Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Ndege huyo, ambaye kwa watu wengi wa Afrika Mashariki ni ishara ya mkosi, kwa Waathene alikuwa ndege mtukufu wa mlinzi wa mji wao. Leo sarafu ya bundi ni miongoni mwa zile zinazotafutwa sana na wakusanyaji duniani, na kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana.

Mnunuzi anayedanganyika hupoteza fedha zake. Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo huwaangukia hata wasiowahi kununua sarafu: historia ya mataifa mengi, ikiwamo ile ya mwambao wa Afrika Mashariki, imeandikwa kwa sehemu kutokana na sarafu zilizofukuliwa ardhini. Sarafu ya uongo ikiaminiwa, historia nayo huingiwa na uongo.

Aina nne za sarafu

Kabla ya kuuliza kama sarafu ni ya kweli, yafaa kwanza kujua kwamba jibu si "ndiyo" au "hapana" tu. Wataalamu hutofautisha aina nne.

Ya kwanza ni sarafu halisi, yaani iliyofuliwa na mamlaka iliyotajwa juu yake, katika zama zake.

Ya pili ni mwigo wa kale. Bundi wa Athens alikubalika katika biashara mahali pengi mno hata watu wa Misri, nchi za Mashariki ya Kati na kusini mwa Arabia wakafua sarafu zao wenyewe kwa kufuata sura yake. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na fedha safi na zilitumika kihalali katika nchi zake. Kuziita bandia ni kosa, kwani zina historia yake.

Ya tatu ni bandia ya kale, ambayo ilitengenezwa zamani kwa nia ya kudanganya. Mbinu iliyotumika sana ilikuwa kufunika kipande cha shaba kwa ganda jembamba la fedha kisha kukigonga muhuri. Hizi ndizo alizozikata mkaguzi wa Athens. Mara nyingine serikali zenyewe zililazimika kutoa fedha hafifu: mwaka 405 K.K., Athens ikiwa imeelemewa na vita dhidi ya Sparta, mtunzi Aristophanes aliwakejeli wananchi wenzake katika tamthilia kwa kuwaacha viongozi bora na kuwachagua wabovu, kama walivyokuwa wakitumia sarafu mbaya za shaba badala ya zile njema za zamani.

Ya nne ni nakala ya siku hizi. Hapa napo pana tofauti. Nakala inayouzwa katika duka la makumbusho kama ukumbusho haina ubaya wowote. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1973 inayotaka nakala za sarafu ziwekewe alama ya kuonyesha kuwa ni nakala. Ubaya huanza pale alama hiyo inapokwanguliwa, au inapokosekana tangu mwanzo, na kitu kikauzwa kama cha kale.

Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu nao si ushahidi wa kutosha. Riale yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Zanzibar, Ethiopia na Arabia katika karne ya 19, imeandikwa mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia huyo. Wafanyabiashara walikataa sura nyingine yoyote, hivyo viwanda vya fedha vya Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko viliendelea kuitoa kwa tarehe ile ile hadi karne ya 20. Riale ya "mwaka 1780" yaweza basi kuwa na umri mdogo kuliko babu wa aliyeishika.

Kugonga na kusubu

Siri ya sehemu kubwa ya uchunguzi imo katika namna sarafu ilivyotengenezwa. Fundi wa Athens alichukua kipande cha fedha kilichopimwa uzito, akakiweka juu ya muhuri uliopachikwa kwenye fuawe, akashika muhuri wa pili juu yake, kisha akaupiga kwa nyundo. Kwa pigo hilo madini yalisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kujaza michoro ya mihuri. Ndiyo maana sarafu za kale si duara kamili, sura mara nyingi imekaa upande, na ukingo una nyufa ndogo zilizotokana na mshindo.

Mghushi wa kawaida hana mihuri ya kale. Hutwaa sarafu halisi, akatengeneza kalibu kutokana nayo, kisha akamimina madini yaliyoyeyushwa. Sarafu iliyosubiwa hivyo huwa na alama zake. Viputo vya hewa huacha vishimo vya mviringo juu ya uso. Michoro hupoteza makali, nywele za Athena na manyoya ya bundi yakaonekana kama yaliyolainishwa kwa sabuni. Mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari kuzunguka ukingo, na mstari huo ukisuguliwa kwa tupa ili kuuficha, mikwaruzo ya tupa huonekana badala yake. Kwa sababu hiyo wachunguzi wenye uzoefu huanza na ukingo kabla ya kutazama sura.

Kanuni hii ina mipaka. Sarafu za kale za China, zile zenye tundu la mraba katikati, zilisubiwa tangu asili. Sarafu ya mfalme Yongle wa mwanzoni mwa karne ya 15, ambayo kugunduliwa kwake katika kisiwa cha Manda nchini Kenya kulitangazwa mwaka 2013, ni ya aina hiyo. Anayejua kanuni moja tu angeweza kuitupa sarafu halisi ya China kwa kudhani ni bandia.

Mizani, sumaku na kikombe cha maji

Uchunguzi wa mwanzo hauhitaji maabara. Sumaku ndogo hutosha kugundua bandia za hovyo, kwa kuwa dhahabu, fedha, shaba na risasi havivutwi na sumaku. Kitu kinachoruka na kunasa kwenye sumaku kina chuma ndani yake.

Hatua ya pili ni mizani ya sonara. Sarafu kubwa ya bundi, iliyokuwa na thamani ya drakma nne, ilikusudiwa kuwa na takriban gramu 17.2. Iliyochakaa kwa kutumika hupungua kidogo. Lakini ikiwa na gramu 14, au ikazidi 18, pana jambo la kuulizwa. Wenye mji walikuwa wakali kuhusu uzito kwa sababu uzito wa fedha ndio uliokuwa thamani ya sarafu.

Hatua ya tatu hutumia kikombe cha maji. Kikombe huwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa kwenye sifuri, kisha sarafu ikaning'inizwa kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa chini. Namba inayoonekana kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu huonyesha aina ya madini. Fedha safi hutoa karibu 10.5, shaba karibu 9, risasi 11.3 na dhahabu 19.3. Kwa bundi wa gramu 17.2, fedha safi itaonyesha takriban gramu 1.64 za maji, wakati kipande cha shaba chenye uzito huo huo kitaonyesha 1.92. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho, ila mizani ya kisasa huisoma bila shida.

Vipimo hivi huondoa bandia nyingi za bei nafuu. Hata hivyo haviwezi kuthibitisha ukweli. Mghushi makini hutumia fedha safi na kuizingatia gramu ile ile.

Zinazofanana kupita kiasi

Lenzi ya kukuza mara 10 hufungua ukurasa mwingine. Kwenye sarafu iliyogongwa huonekana mistari myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni, alama ya madini yaliyosukumwa na pigo la nyundo. Fedha iliyokaa ardhini kwa karne nyingi mara nyingi huwa imebadilika hata ndani yake, ikawa na vinyufa na kuvunjika kirahisi.

Lakini dalili yenye nguvu kuliko zote huonekana pale sarafu mbili zinapowekwa pamoja. Muhuri mmoja wa kale uligonga maelfu ya sarafu, hivyo si ajabu kukuta mbili zenye sura ile ile kwa kila mstari. Kisichowezekana ni zote mbili kuwa na umbo lile lile la kipande, ufa ule ule ukingoni, mkwaruzo ule ule shavuni mwa Athena na uchakavu ule ule puani. Mambo hayo hutokana na pigo moja na maisha ya sarafu moja. Yakijirudia katika sarafu ya pili, basi walau mojawapo imetolewa kwenye kalibu. Ndiyo maana wataalamu hutunza kumbukumbu za picha za sarafu zilizouzwa na za bandia zilizokwisha kutambuliwa, na kulinganisha kila mpya inayojitokeza.

Rangi ya uzee

Sarafu za shaba hupata gamba la kijani, kahawia au jekundu kwa kukaa ardhini. Gamba la kweli hukua polepole kutoka katika madini yenyewe na hushikamana nayo. La bandia hupakwa kwa kemikali au kwa rangi, nalo mara nyingi hubanduka likisuguliwa kwa pamba iliyochovywa asetoni, kimiminika kile kile kinachofuta rangi ya kucha.

Hapa lipo kosa linalofanywa na watu wengi wenye nia njema: kuisafisha sarafu waliyookota kwa siki, ndimu, mchanga au dawa ya meno ili ing'ae. Kufanya hivyo huondoa gamba lililoihifadhi, maandishi hufifia, na ushahidi wa umri wake hupotea. Sarafu halisi iliyosuguliwa huanza kufanana na bandia.

Maabara inaona nini

Vyuo na makumbusho makubwa hutumia mashine ya eksirei inayotambua elementi zilizomo katika madini bila kuyakata. Fedha ya kale ilisafishwa kwa moto kwa kuichanganya na risasi, na njia hiyo huacha chembe za risasi na za dhahabu ndani yake. Fedha ya kisasa iliyosafishwa kwa umeme haina chembe hizo kwa kiwango hicho. Sarafu "ya Athens" ambayo ni safi kupita kiasi hujishtaki yenyewe.

Mashine hiyo hata hivyo husoma tabaka la juu tu, na gamba la ardhini huweza kubadilisha majibu. Zaidi ya hayo, wapo wanaoyeyusha sarafu za kale zilizochakaa zisizo na bei na kufua kutokana nazo sarafu "adimu". Kwa hizo, madini ni ya kale kweli. Kilichoghushiwa ni sura.

Wataalamu nao hukosea

Historia ina mifano ya kutosha ya kumfanya kila mchunguzi awe mnyenyekevu. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyeishi kati ya mwaka 1772 na 1830, alichonga kwa mkono mihuri ya mamia ya sarafu za Wagiriki, Warumi na nyinginezo, akazigonga kwa madini bora na kuziuza kwa wakusanyaji mashuhuri. Ili ziondokane na sura ya upya, aliziweka katika sanduku lenye vumbi la chuma na mafuta, akalifunga kwenye gari lake la farasi na kusafiri nalo. Kwa kuwa zilikuwa zimegongwa, hazikuwa na viputo wala mstari wa kalibu. Mihuri yake ilikuja kuhifadhiwa katika makumbusho ya Berlin, na leo sarafu za Becker hukusanywa kwa jina lake.

Mwaka 1988 soko la Ulaya lilipokea sarafu ndogo nyingi za fedha zilizodaiwa kutoka katika hazina moja ya pwani ya Bahari Nyeusi. Wataalamu waligawanyika, wengine wakizitetea na wengine wakizikataa. Uchunguzi wa kina ndio ulioonyesha hatimaye kwamba zilikuwa zimetengenezwa karibuni.

Sarafu ya kweli, hati za uongo

Upo pia udanganyifu ambao mizani na lenzi haviwezi kuugundua. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu habari ya kuuawa kwa Julius Caesar tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K., hasa kupitia tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere. Miaka miwili baada ya tukio hilo Brutus, mmoja wa wauaji, alifua sarafu zenye sura yake upande mmoja, na majambia mawili pamoja na tarehe ya mauaji upande wa pili. Sarafu za aina hiyo za dhahabu zinazojulikana ni chache mno.

Oktoba 2020 mojawapo ilinadiwa mjini London na kufikia pauni za Uingereza milioni 2.7 kabla ya ada. Haikuwa bandia. Kilichobainika baadaye ni kwamba historia ya umiliki wake, iliyowasilishwa kwa wanunuzi, ilikuwa ya kubuni. Mkuu wa nyumba ya mnada alikamatwa New York Januari 2023 na mwaka huo huo akakiri makosa. Machi 2023 sarafu ilikabidhiwa kwa Ugiriki.

Tukio hilo linaonyesha kwamba "Je, ni halisi?" ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni "Imetoka wapi?" Tangu mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, mnunuzi mwangalifu hudai ushahidi wa jibu hilo.

Funzo la Kilwa na Pemba

Katika mwambao wa Afrika Mashariki swali la pili lina uzito wa pekee. Masultani wa Kilwa Kisiwani walifua sarafu, nyingi zikiwa za shaba, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, pande hizo mbili zikiwa na vina kama beti. Sarafu hizo za shaba hazina mwaka. Aliyeshika moja mkononi aweza kusoma jina la Ali bin al-Hasan, lakini haimwambii aliishi lini.

Jibu lilitoka ardhini. Kwa muda mrefu Ali bin al-Hasan alidhaniwa kuwa alitawala karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina lake, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za nje ambazo zina tarehe, za karne ya 10 na 11. Kwa kuwa zilipatikana pamoja na kuandikwa pamoja, sarafu zisizo na tarehe ziliazima tarehe kwa jirani zake, na utawala wa Ali ukarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Laiti hazina hiyo ingegawanywa na kuuzwa moja moja mitaani, kila sarafu ingebaki halisi, na hakuna ambaye angeujua ukweli huo.

Mfano wa kinyume unatoka Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na nyingine nne za Waholanzi. Sarafu za Kilwa zimetambuliwa kuwa za kweli, lakini ziliondolewa mchangani bila uchunguzi wowote wa mahali pake, na namna zilivyofika huko ingali ni mjadala. Kwa upande mwingine, sarafu moja tu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, iliyopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, imekuwa ushahidi wa wazi wa uhusiano wa kibiashara kati ya bara na Kilwa.

Kwa anayenunua na anayeokota

Kwa anayetaka kununua, ushauri wa wataalamu ni mfupi. Asinunue kwa mtu asiyemjua wala asiyetoa risiti. Adai maandishi ya historia ya sarafu na haki ya kurudisha. Atilie shaka bei iliyo chini sana, kwani wahenga walisema rahisi ghali. Na ajifunze kwa kushika sarafu halisi nyingi, katika makumbusho au kwa wauzaji wanaoaminika, kabla ya kufungua mkoba.

Kwa anayeokota, sheria ina la kusema. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Aliyevigundua anapaswa kutoa taarifa, na kuvichimba au kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895.

Lililo bora ni kuiacha sarafu mahali ilipo, kupiga picha, kuandika mahali hasa na vitu vilivyo karibu nayo, kisha kuwaarifu maofisa wa mambo ya kale au makumbusho iliyo jirani. Kama imekwisha kuondolewa, isisafishwe. Mghushi aweza kuiga sura, uzito, madini na hata kutu. Asichoweza kuiga ni ardhi ambayo sarafu ililala ndani yake, na ushahidi huo hupatikana mara moja tu, siku sarafu inapofukuliwa.